Kidole cha Mama Hewani

Mama yangu, Hai Suzhen, tulimzika majira ya kupanda viazi, na kesho tunamsomea hitima ya siku arobaini. Imamu atataja swala zake na saumu zake. Mimi nataka kutaja mkono wake.

Alifundisha darasa la kwanza kijijini kwetu, milimani Ningxia, nchini China, miaka thelathini na moja. Cheti hakuwa nacho. Aliajiriwa na kijiji. Madaftari yalikuwa haba, kwa hiyo tuliandika kwa vijiti kwenye masinia ya mchanga, na kabla ya mchanga tuliandika hewani. Mama alisimama akitutazama, kidole juu, nasi tukahesabu kila mstari kwa sauti. Hakupenda kutugeuzia mgongo. "Nikigeukia ubao," alisema, "nusu yenu mtaanzia mkiani."

Lakini mtu akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Basi Mama aliandika kila herufi kinyume, ili sisi tuione imekaa sawa. Alijifunza hivyo jikoni, akiandika kwa vidole vya unga kwenye kioo cha dirisha, kisha akitoka nje kukisoma. Baba alimtania, akimwita kwa jina langu: "Mama Xiumei, leo unawaandikia majini?"

"Nawaandikia wanao. Wewe angalia mikate isiungue."

Mwaka 1993, nikiwa na miaka sita darasani mwake, alikuja mkaguzi wa wilaya, Bwana Qiao. Ilikuwa imeshatangazwa: mwalimu asiye na cheti, watoto wake wakishindwa kuandika, darasa linafungwa na watoto wanahamia shule ya mjini, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulikuwa kumi na wanane, kumi na mmoja wasichana. Hakuna mzazi kijijini ambaye angemruhusu binti wa miaka sita kwenda mwendo ule.

Bwana Qiao akasimama mbele yetu, akitutazama. "Nitaandika hewani, sitataja neno. Andikeni mnachokiona." Akaandika herufi ya farasi, kwani kwa Kichina herufi moja ni neno zima, na hiyo ni jina la ukoo la nusu ya kijiji. Tukaandika. Akapita sinia kwa sinia. Kila farasi alikuwa amegeukia upande usio wake.

"Mwalimu Hai," alisema akitoa kalamu, "hata farasi?"

Mama aliona kosa ni la nani. Hakutaka kumwaibisha mgeni. Ila Caixia, binti wa jirani yetu, mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Babu mkaguzi, farasi wako alikuwa anarudi nyumbani. Wa Mwalimu huwa anakwenda shamba."

Darasa likaangua kicheko.

"Kaa chini, wewe!"

"Nakaa, Babu. Lakini tumeandika ulichotuonyesha."

Ndipo Mama akasema polepole, "Mheshimiwa, nakuomba uje usimame nyuma, pamoja na watoto. Kisha nitajie herufi yoyote."

Bwana Qiao akajipenyeza katikati ya madawati. Akafikiri, akamwita Mama karibu, akamnong'oneza jina lake mwenyewe la ukoo. Hatukuwa tumefundishwa kuliandika kamwe. Mama akarudi mbele, akainua kidole, akaliandika kinyume bila kusita, nasi tukahesabu hadi sita. Mchangani yakatokea majina kumi na manane ya Qiao, mengine yamelala upande, lakini yote yakitazama panapostahili.

Mkaguzi aliinua kidole chake akajaribu kuandika kinyume kama Mama. Kwenye mstari wa tatu akapotea.

"Umejifunzia chuo gani?"

"Jikoni, mheshimiwa."

Hakucheka. Akaandika kitabuni, akatusomea: darasa libaki, mwalimu abaki.

Caixia aliadhibiwa kufagia darasa kwa kumwita mkaguzi Babu, na Mama alifagia pamoja naye huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Wasichana wote kumi na mmoja tulimaliza darasa la sita. Mimi nilifika sekondari. Mwenyezi Mungu amrehemu Mama. Mkono ulioandika haya ni yeye aliyeufundisha.