Pasi ya Bibi Jirani

Bibi jirani alipeleka pasi yake kwa fundi umeme, mgane aliyeweza kushinda kutwa bila kusema na mtu. Fundi aliipima: volti mia mbili arobaini, ampea nne.

"Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani, omu sitini," alimweleza. "Ukizizidisha unapata nguvu, wati mia tisa sitini, kama ilivyoandikwa hapa. Bibi, pasi hii nzima kabisa!"

"Najua, mwanangu. Tangu mzee wangu afariki, nyumba imepoa. Nilitaka tu kusikia mtu akiongea."

Fundi akamvutia kiti. "Kaa basi, nikueleze upya, polepole."

Bibi alipoaga, fundi alisimama mlangoni akimtazama mpaka akakata kona.