Watu wa Vichwa Chini

Mabati yakianza kupata jua la asubuhi hulia. Aliyewahi kulala nyumba ya mabati anaujua mlio huo: ta, kimya, ta-ta, kama mtu anayevunja njugu kwa meno huko juu. Juzi niliusikia nikiwa ndani ya stoo ya shule ninayofundisha. Nilikuwa nimeingia kutafuta chaki. Nikajikuta nimekaa juu ya dawati bovu, mikono mapajani, nikimngojea mama apite. Mama yangu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mwanafunzi akaja kuuliza kama leo kuna somo.

Msinicheke. Nitawaeleza.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la pili, tulikaa Kongo, mtaa mmoja ndani ya Kawangware, Nairobi, chumba kimoja, mimi na Mwaitu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Baba alikuwa Mombasa akichonga vinyago; alikuja Krismasi na kuondoka kabla hatujamzoea. Mwaitu aliuza nguo za watoto za mitumba Soko la Toi, kule ukingoni mwa Kibera, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu, gunia kichwani. Mwenye ploti yetu alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Alijenga kwa mabati yaliyokwisha kutumika kuezeka nyumba za wengine, kwa hiyo kuta zetu zilikuja na matundu ya misumari, na kila mpangaji aliyaziba kwa alichonacho. Sisi tuliyaziba kwa sabuni ya kipande. Unaikata, unaikanda kwa kidole gumba, unaisukuma ndani ya tundu. Inashika vizuri sana, ila panya huipenda.

Mwaka ule nikapata surua. Siku hizo kila mama pale alijua kwamba mtoto wa surua akiona mwangaza macho huharibika, basi Mwaitu akatundika blanketi dirishani, akasokota matambara chini ya mlango, akaniacha gizani nikinuka jasho na uji. Hakuwa na la kufanya. Soko halimsubiri mtu. Jirani yetu Mama Akinyi, Mjaluo mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ndiye aliyekuwa akichungulia kila baada ya muda kuona kama napumua.

Siku ya pili au ya tatu, panya alikula sabuni ya tundu moja karibu na mlango. Nililala nikiutazama ukuta wa nyuma, ambao Mwaitu alikuwa ameufunika kwa shuka nyeupe ili tusione kutu. Mabati yakaanza kulia. Halafu kwenye shuka akatembea mtu. Alikuwa mrefu kama mkono wangu, ana sweta nyekundu, na alitembea kichwa kikiwa chini na miguu juu, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Nyuma yake akaja mbwa, naye miguu juu. Chini kabisa ya shuka palikuwa na buluu, na katika buluu ile wingu dogo lilipita.

Sikuogopa hata kidogo. Nilidhani ndani ya shuka kuna Kongo nyingine, na kwamba surua ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuiona.

Kesho yake nilimwona Mwaitu. Alikuwa ametoka tu, sauti yake ikiniagiza ninywe uji bado iko chumbani, mara huyo kwenye shuka, na leso yake ya manjano. Gunia lilikuwa chini na yeye juu, ungedhani gunia ndilo lililombeba. Alikwenda upande usio wake, kwani kwa kweli njia ya Toi ilikuwa upande wa pili. Alipofika kwa bomba la maji akasimama. Akageuka akaitazama nyumba yetu. Halafu akashika pindo la leso akalipeleka usoni, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaendelea na safari.

Siku iliyofuata alifanya vile vile. Na iliyofuata. Uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa kidoa tu, lakini mkono ule na leso ile niliviona. Nilijua analia, na nilijua analia kwa sababu yangu. Kwa akili zangu za utoto niliamua kwamba nimemchosha.

Nilimwambia Mama Akinyi habari za watu wa shuka, ila si habari za bomba. Alisimama na kikombe cha uji mkononi.

"Wanatembea aje?"

"Miguu juu, kichwa chini."

"Kwa ukuta?"

"Kwa ukuta."

Alikiweka kikombe chini polepole. Nyinyi mliotoka upande wa ziwa mnajua alichowaza. Kwao kuna wakimbiaji wa usiku, jojuok, ambao wakija kukusumbua hupanda mlango wako kinyumenyume, miguu juu. Jioni Mwaitu aliporudi alikuta kesi imekwisha kusikilizwa na hukumu imetolewa.

"Lakini Mama Akinyi, mtoto anasema ni mchana," Mwaitu alisema.

"Sasa hapa Nairobi nani analala usiku? Watakimbia saa ngapi?"

Mwaitu alikuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa pia mtu mwenye mtoto mmoja. Kama si jojuok, basi homa ilikuwa imepanda kichwani, na lipi afadhali? Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akasema Jumamosi angenipeleka Kitui kwa Susu, nyanya yangu, nikae huko mpaka nipone, labda nisome huko huko.

Nilimpenda Susu, lakini nilisikia kile nilichokuwa nikikiogopa: kumbe kweli nimemchosha.

Nilijaribu kuwaonyesha. Kila Mama Akinyi alipochungulia nilipiga kelele, "Hao! Hao!" Lakini ili anione ilibidi afungue mlango, na mlango ukifunguka mwangaza uliingia kwa wingi na watu wangu wakatoweka. Shuka ikabaki shuka. Mama Akinyi akatikisa kichwa, akafunga, na mara watu wakarudi wakiendelea na shughuli zao. Naye Mwaitu, ambaye ndiye niliyemtaka, alitoka kabla sijapata la kusema na kurudi jua limezama, na gizani watu wangu hawakuja.

Jumamosi ikafika. Begi lilikuwa mlangoni. Jua lilikuwa kali, mabati yalikuwa yanalia.

"Mwaitu, kaa na mimi kidogo. Funga mlango."

"Basi litatuacha, Mwende."

"Kidogo tu."

Alifunga. Akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya safari.

"Sioni kitu. Ni giza tu."

"Usitafute. Ngoja macho yazoee."

Alipumua kwa nguvu, kama mtu anayehesabu vituo vya basi kichwani. Halafu pumzi yake ikakatika. Akasogea mbele.

"Huyo si Mama Akinyi?"

"Ndiye. Anaanika nguo."

Na kweli alikuwa akianika, kichwa chini, na nguo zake zilisimama wima juu ya kamba badala ya kuning'inia. Mwaitu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Krismasi. Akainuka, akaenda mpaka kwenye tundu, akalifunika kwa kiganja. Watu wakafa. Akakitoa kiganja, wakafufuka. Alifanya hivyo mara tatu, mama yangu aliyeishia darasa la nne, na hadi leo sijaona mtu aliyefanya jaribio la sayansi kwa makini kuliko yeye.

"Kumbe ni sisi," alisema. Akarudi kukaa. "Na mimi, huwa unaniona?"

"Kila siku. Ukifika kwa bomba unasimama. Unaangalia nyumba. Halafu unajipangusa macho na leso."

Nilisikia Mama Akinyi akiimba huko nje. Mwaitu aliinama, akavua viatu vya safari, kimoja, kisha cha pili, na nikajua Kitui haipo tena.

"Si wewe," alisema baadaye. "Sijui nani alikuambia ni wewe." Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu hofu yangu. Alijua tu.

Kisha akasema ningoje, akavaa ndara, akatoka, akafunga mlango. Akatokea kwenye shuka. Alinipungia mikono yote miwili. Akazunguka, akacheza, watu wakamshangaa, naye akazidi. Nilicheka mpaka kikohozi kikanibana.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipofika kwa bomba aligeuka, akapunga mkono mara moja, akaenda, mgongo umenyooka. Leso haikupanda usoni tena. Nilifurahi; nilidhani nimemponya. Nami nikapona, nikarudi shule, na mvua zilipoanza akaziba tundu kwa sabuni mpya.

Leo nafundisha fizikia. Kidato cha kwanza nawachorea mistari miwili inayopishana katika tundu, na wanaelewa upesi kwa nini picha hupinduka. Jambo gumu nililikuta mwenyewe chuo kikuu, pale mwalimu wetu alipotueleza kwamba kitu kikiwa kidogo sana huwezi kukitazama bila kukigusa, kwa sababu mwangaza unaokionyesha ndio huo huo unaokisukuma. Wenzangu walibishana hadi wakakosa chakula cha mchana. Mimi nilimkumbuka Mwaitu akinipungia mkono, na sikujua bado kwa nini.

Nilijua kwenye matanga yake. Mama Akinyi alikuja, mzee sasa, sauti ile ile, akakaa karibu nami.

"Mamako alihama kwa bomba," aliniambia. "Ile time ulikuwa na surua. Alianza kuenda mpaka kwa kona, nyuma ya kinyozi. Analia hapo, anamaliza, anaenda Toi. Nikamuuliza, mbona unajificha? Akasema, pale kwa bomba mtoto ananiona."

Kutoka bomba hadi kwa kinyozi zilikuwa hatua ishirini. Siku zote zile, mimi nikicheka kitandani kwa sababu amenipungia mkono, yeye alikuwa pale nyuma ya ukuta wa mbao analia peke yake, kwa kuwa nilimwambia kwamba namtazama.