Magazeti kwenye Matundu ya Hewa

Mimi ndiye niliyezima mashine ya baridi katika jengo letu la maofisi katikati ya jiji, na hadi leo najivunia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa fundi pekee wa kike pale.

Mashine ile ilinichosha roho. Ilipoza hewa kupita kiasi ili kuikamua unyevu, kisha hita zikaipasha moto tena, zote zikila stima kwa wakati mmoja. Na hii ni Nairobi, ambako hewa ya nje ni poa karibu mwaka mzima. Nikamwambia meneja tuweke kipima unyevu cha hewa ya nje. Hewa ya nje ikiwa kavu na baridi ya kutosha, feni ziivute kama ilivyo. Mashine iwake siku za mvua na ukungu tu.

"Sawa," akasema. "Lakini wapangaji wakilalamika, narudisha kama zamani. Na usiniletee hiyo maneno tena."

Siku chache baada ya kukiweka, katika joto la Februari, simu ikapigwa kutoka orofa ya juu: hakuna hewa. Nilipanda ngazi mbio. Mama wa uhasibu alikuwa akijipepea kwa faili. Nikainua macho darini. Kila tundu la hewa lilikuwa limezibwa kwa gazeti na selotepu.

"Nani aliziba hizi?"

"Ni sisi, tangu Julai," akanijibu bila aibu. "Hiyo mashine yako ilikuwa inatuua na baridi. Ulitaka tushikwe na nimonia?"

Nilitaka kufoka. Lakini kwetu Kabiria mamangu aliziba matundu ya juu ya dirisha vivyo hivyo, kwa hofu hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemshikia kiti. Nikaomba kiti. Nikabandua magazeti, yeye akiyapokea huku akinung'unika. Hewa ikaanza kushuka. Akaliweka faili mezani.

"Hii sasa si mbaya," akasema.

Kesho yake meneja alifika chumba cha mashine, akakuta mashine imezimwa.

"Kwani stima imepotea?"

"Stima iko. Ni mashine imepumzika. Kuna mtu amelalamika?"

Akainua mkono kwenye tundu la hewa, akahisi hewa ikipita.

"Jumatatu uende Parklands," akasema. "Hiyo jengo yetu ya huko pia inatumaliza na stima."

Nikapanda ngazi nikitembea kama mwenye jengo.