Bodi ya Lori la Wekesa

Makosa ni yangu, si ya Wekesa. Wacha nianze na hilo, kwa sababu nimenyamaza muda mrefu na watu wamemlaumu yeye.

Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru. Wekesa alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa vitani, yeye dereva wa lori la jeshi, mimi fundi. Tuliporudi alipata lori kuukuu kama lile la jeshini, akawa anabeba viazi kutoka Molo. Chasisi, ile fremu ya chini, ilipopasuka, alitafuta nyingine ya kisasa, akaniomba niipandishe juu yake ile bodi ya zamani ya kubebea mzigo.

Mama mkwe wake hakupenda. "Baba, tafuta bodi mpya. Hiyo itaniulia mtoto."

"Mama, hiki ni chuma cha vita," Wekesa akamjibu. "Kitatuzika sisi sote."

Bodi yenyewe ilikuwa nzima. Shida ni kwamba mashimo yake hayakulingana na ya ile chasisi. Ilitakiwa nitoboe mengine na nitengeneze vyuma vya kuishikilia. Lakini siku hiyo binamu yangu alikuwa anaoa kule Njoro, na mimi nilikuwa na haraka. Nikafunga bolti za mbele tu. Nyuma nikagongomea mbao, nikijiambia nitamalizia Jumatatu.

Wekesa akaja kuchukua gari. "Imeshika?"

"Imeshika. Nenda."

Alipokuwa akiteremka kutoka Molo, kwenye kona, bodi ikachomoka na magunia yote. Mkewe Rosa alikuwa ameketi juu ya viazi. Hakupona.

Niliitwa kuvuta lori. Nikaziona mbao zangu barabarani. Ee Mungu, niliziokota nikazitupa kichakani kabla mtu hajauliza.

Kwenye mazishi yule mama alimwambia mkwewe mbele ya watu, "Nilikuambia." Wekesa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa kando yake nimeshika jembe, nikaendelea kurudishia udongo.

Tangu siku hiyo hakugusa usukani tena. Kila Krismasi alikuwa akienda kwa yule mama kuomba msamaha, na kila mara alifungiwa mlango.

Mwaka huu mama huyo alifariki. Hapo ndipo nilipopata moyo wa kusema. Nilimkuta Wekesa shambani akipalilia mahindi, nikamweleza yote, mpaka zile mbao.

Alikaa chini. Hakunitukana.

"Kwa nini hukumwambia mama?" akauliza. "Hata kama mimi usingeniambia. Mama angejua tu."

Akaniambia niende nyumbani, na tangu hapo hajanisalimia.

Ndugu fundi unayesoma haya, kama kazi hujamaliza, usimpe mtu gari, hata akiwa rafiki yako. Na kama umeshakosea, sema leo. Mimi nilingoja, na mtu aliyestahili kusikia kuliko wote yuko kaburini, bado akiamini kwamba mkwewe ndiye aliyemuua binti yake.