Ndama Asiyeachwa Chini

Kutoka Tabora kwenda Mbeya kuna njia ya kuzunguka na njia ya msituni. Nilichagua ya msituni. Basi lilipita Sikonge, likaingia pori la Rungwa, na mbung'o nao wakaingia bila nauli. Abiria tulishinda tukijipiga shingoni kwa kofia na kanga, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alinipiga mimi pia, kwa wema tu. Springi ilikatika porini, tukakaa hadi ilipofungwa kwa kamba ya mpira. Baada ya Chunya gari lilianza kupanda mlima, ukungu ukaingia madirishani, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani koti.

Nilikuwa nimeshafanya kazi kwenye tumbaku, kwenye machimbo ya dhahabu, na kwenye samaki wa Mwanza. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Sikudhani Mbeya ingenishika.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kuhudumia ndama kwenye shamba la utafiti nje kidogo ya jiji. Ugonjwa uliochunguzwa ulikuwa ndigana kali, ule unaoletwa na kupe. Ndama wengine walichanjwa, wengine hawakuchanjwa, kisha wote wakaambukizwa ili ionekane chanjo inazuia kiasi gani. Maana yake ni kwamba baadhi yao walipaswa kuugua mbele ya macho yetu. Hilo nililielewa nikiwa tayari nimeshika koleo la kuzolea kinyesi.

Msimamizi wetu alikuwa daktari wa mifugo, mama wa Kinyakyusa, mfupi, asiyevua buti za mvua hata kiangazi. Kila asubuhi, kabla mtu hajaingia bandani, aligeuza ndoo, akaikalia nje ya uzio, akatazama kimya. Nani kasimama, nani kalala, nani kaenda kwenye maji. Alitufundisha kitu alichokiita kikomo. Ndama akishindwa kuinuka mwenyewe, akaacha maji, akaanza kuhema kinywa wazi, amefika kikomo. Hapo anachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja. Hasubiriwi afe.

"Labda tungesubiri kidogo, daktari," nilimwambia mwanzoni. "Huenda akapona."

"Akifika hapo dawa haimrudishi tena. Anayesubiri ni wewe, si yeye."

Mwenzangu wa kazi alikuwa mzee wa Kisukuma. Ukoo wao ulihama na ng'ombe kutoka kaskazini hadi bonde la Usangu, na huko ndigana ikamlia ndama mmoja mmoja hadi akabaki na fimbo tu. Ndiyo maana akaajiriwa. Asubuhi aliwasalimia ndama kabla yangu, "Mwangaluka!" kama anayesalimia wakwe, kisha akanigeukia.

"Na wewe mtu wa asali, umeamka? Ninyi wa Tabora mkiona mkia mnadhani ni kamba ya mzinga."

"Baba, mbona asali yangu unaila?"

"Ninaila nikikuhurumia."

Ndama tuliwachukua Iringa, kwa familia zinazofuga ndani ya zizi, ambako mnyama anakua bila kung'atwa na kupe. Safari moja tuliingia kwenye boma la mama mmoja Mlutheri, sweta juu ya kanga, nyumba yake ikitazama mji kule juu ya kilima. Alitusalimu "Kamwene," akatukaribisha viazi, kisha akamtoa ndama mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alimshika sikio muda mrefu.

"Mnakwenda kumtesa mtoto wangu?"

Mimi nilitazama viazi. Mzee ndiye aliyejibu.

"Mama, mimi nimezaliwa zizini. Kwangu ng'ombe haachwi chini."

Mama akaridhika, akamwombea ndama, tukampakia.

Ndama yule aliangukia kundi la wasiochanjwa. Baada ya kuambukizwa tezi la chini ya sikio lilivimba, homa ikapanda, na usiku tulisikia kifua chake kikikoroma kama chungu cha ugali. Lakini kila asubuhi daktari alipokaa kwenye ndoo yake, ndama alikuwa amesimama, ameegemea ukuta. Daktari alikunja uso. Mapafu yanasema hivi, miguu inasema vile. Akaandika kwamba bado anasimama, akaenda zake.

Asubuhi moja alikuja mapema kuliko kawaida, nami nilikuwa nyuma yake na ufagio. Tulimkuta mzee bandani. Alikuwa amepitisha gunia chini ya tumbo la ndama, amelivuta kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, anamnong'oneza kwa Kisukuma. Miguu ya ndama ilikuwa inatetemeka. Alimsimamisha, akamsukuma taratibu hadi ubavu ukakaa ukutani. Ndipo akatuona.

Nilijua anachofanya kwa sababu alishanisimulia. Huko Usangu kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe aliyedhoofu akilala hainuki. Majirani huitana, hupitisha miti chini ya tumbo lake, humwinua. Hata uliyegombana naye, ng'ombe wake akianguka unakwenda. Ng'ombe aliyesimama ana kesho. Kwa mtu wa kule kumwacha chini ni kumkana.

Nilidhani mzee atafukuzwa kazi hapo hapo. Daktari alifungua mlango, akaingia, akachuchumaa mbele ya ndama.

"Umemwinua asubuhi ngapi, mzee?"

"Tangu alipoanza kushindwa."

"Ukiliachia gunia atasimama?"

Mzee alichukua majani mabichi akayatia mdomoni mwa ndama. "Anakula bado, mama. Tazama." Majani yalikaa pale pembeni ya mdomo, hayakutafunwa. Povu lilitoka puani likayalowesha. Tuliyatazama sote watatu.

"Nilimwahidi mwenye ndama," mzee akasema. "Nilimwambia haachwi chini."

"Hata mimi simwachi chini, baba. Ndiyo maana ninabeba sindano." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulichotaka kujua kwake tumeshakijua. Kilichobaki ni maumivu yake tu, na hayo hayatufundishi kitu. Ukimsimamisha, mimi namwona mzima. Namwacha siku nyingine nzima na kifua hicho."

Mzee alisimama na gunia mkononi. Niliona maneno yanavyomwingia, na hayakumwingia kwa raha. Alikuwa amejitesa kumwinua yule mnyama, na kila alipomwinua alimrefushia safari. Mwishowe akaliachia gunia upande mmoja, taratibu, ndama akashuka hadi chini. Mzee akakaa kwenye majani, akakiweka kichwa cha ndama mapajani.

"Basi fanya, mama. Mimi namshika."

Ilikuwa kazi fupi. Ule mkoromo ulikatika, banda likawa kimya hadi nikasikia malori yakipanda barabarani.

Daktari hakumfukuza wala kumsema mbele za watu. Aliongeza kanuni moja, kwamba mkono wa mtu usimguse ndama kabla hajaonwa, na akamwomba mzee awe ndiye mshika kichwa. Alikubali. Tangu hapo niliona mara nyingi akitoka bandani, akivuka uwanja hadi ofisini, akisimama mlangoni na kofia mkononi: "Mama, yule amefika." Kila mara ilimgharimu. Alikwenda hata hivyo.

Tuliporudi Iringa kuchukua ndama wengine, nilimwomba mzee tulikwepe boma la yule mama. Alikataa. Aliingia, akamkuta mama anachambua maharage.

"Alilala, mama," akamwambia, amesimama. "Nilimwinua, nikakosea. Mwishoni tulimsindikiza, hakuhangaika. Kichwa chake kilikuwa kwangu."

Mama aliweka ungo wa maharage chini. Kisha akasema, "Ng'ombe wa jirani yangu alikufa wiki nzima. Tulimsikia hadi kanisani." Akasogeza kigoda. "Kaa, baba. Chai iko jikoni."

Nimefanya kazi nyingi, na nyingi zilinifundisha kuvumilia. Pale tu ndipo nilipofundishwa kwamba kuna wakati kuvumilia si wema, hasa unapomvumilisha mwingine. Nawashukuru wale watu wawili. Hawakukaa kunifundisha, nilikuwa nimesimama karibu tu.

Mkataba uliisha na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda bandani na begi langu kumuaga mzee. Daktari alikuwa pale tayari, akaninyooshea kiganja nisiongee. Mzee alikuwa amekaa kwenye majani, ndama mweusi kalaza kichwa mapajani pake.

"Nenda, mtu wa asali," akasema bila kuinua macho. "Basi halimsubiri mtu."

"Nashukuru, baba."

"Najua. Nenda, anashtuka."

Geti lile la chuma lilikuwa na tabia ya kugonga. Nililishika kwa mikono miwili, nikalifunga polepole hadi komeo likaingia bila sauti, nikashuka barabarani.