Nyumba ya Thoa na Umri wa Kuazima

Huku Binh Duong, mkoa wa viwanda, kwenye vyumba vyetu vya kupanga, ukisema msichana asiye na mume amenunua nyumba, watu wana swali moja tu: "Kamnunulia nani?" Nimeulizwa hivyo kuhusu Thoa mpaka nikachoka kujibu kwa adabu. Kaununulia mgongo wake, nawaambia. Kainunulia miguu yake ipate pa kunyooka. Sasa kula uji wako, unapoa.

Jina langu Sau, nauza uji wa mchele kwenye lango la kiwanda cha mabegi. Thoa anashona zipu humo ndani. Wakati ule tulikuwa majirani, chumba changu na chake, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwitikia. Mwenye nyumba wetu alikuwa anatembea na funguo za vyumba vyote kiunoni, akiingia anapotaka, eti anakagua bomba. Siku moja Thoa alirudi kazini akakuta kitanda chake kimesukumwa ukutani na mahali pake pamepangwa magunia ya saruji.

"Ni kwa siku chache tu," mwenye nyumba alimwambia. "Wewe si uko peke yako? Nafasi yote ya nini?"

Usiku ule Thoa alilala kajikunja pembeni ya saruji, na asubuhi akaja kwenye sufuria yangu macho mekundu.

"Shangazi Sau," alisema, "mimi nitanunua nyumba."

Nilicheka. "Utanunua kwa nini, vifungo?"

"Kwa zipu," alisema, na yeye hakucheka hata kidogo.

Alijifunga kibwebwe kwelikweli. Ovataimu iliyokataliwa na wenzake aliichukua yeye. Chai ya maziwa aliisikia kwa jina. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka hadi kinachana vidole, na hakukibadilisha. Akatokea kijana wa kitengo cha kukata vitambaa, mtanashati, akamwambia waoane kwanza, habari za nyumba baadaye, kwa sasa watakaa kwa mama yake. "Basi endelea kukaa naye," Thoa alimjibu, akarudi kwenye cherehani.

Ulipofika wakati wa kugawa nafasi za kununua zile fleti za serikali za watu wa kipato kidogo, watu wengi walipiga kura ya bahati wakatoka mikono mitupu. Thoa alipata. Chumba na nusu, ghorofa ya nne, dirisha linatazama maegesho ya pikipiki na ukuta wa kiwanda cha barafu. Karani wa benki alimuuliza mume wake atakuja lini kutia sahihi. "Hajazaliwa bado," Thoa akamwambia. Akatia sahihi mwenyewe kwenye mkopo atakaoulipa mpaka nywele zianze kuota mvi, akaja kwangu akala mabakuli mawili mfululizo.

Nilidhani yameisha. Kumbe ndugu walikuwa bado hawajafika.

Kwetu si kila mwaka unafaa kuhamia nyumba. Umri wa mtu una miaka ya heri na miaka ya kutulia, na ukikosea unajiitia balaa. Tena umri unaotazamwa kwenye nyumba ni wa mwanamume. Mama yake Thoa alikwenda kwa mpiga ramli kule kwao Ben Tre, akaambiwa mwaka huu Thoa kaangukia mwaka mbaya kabisa. Dawa ni kuazima umri. Mwanamume wa ukoo mwenye mwaka mzuri anatangulia kuingia, anachoma udi, anajitaja kwa Babu Ardhi, mlinzi wa nyumba, yule wa sanamu nene yenye tumbo na kicheko inayowekwa sakafuni, kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba halisi anakaa mbali, asionekane. Halafu, kabla udi haujaisha, yule mwanamume anatamka kwamba anamkabidhi fulani nyumba hiyo, na ndipo fulani anaingia. Mimi mambo haya nayaamini, sifichi. Nimeona watu walioingia ovyo na yaliyowakuta.

Basi mama akaja na basi la asubuhi, pamoja na Khang, kaka yake Thoa, na mke wa Khang aitwaye Dieu. Walikaa kwenye viti vyangu vya plastiki.

"Mwaka wa Khang ni mzuri mno," mama alisema. "Hata mpiga ramli mwenyewe alishangaa."

"Kaka Khang kila mwaka ana mwaka mzuri," Thoa alisema. "Mbona bado anakaa kwenye nyumba aliyojenga baba?"

Khang alicheka kwa pua. "Mdogo wangu, nakuazima umri bure na bado unanisema? Ungemwendea jirani angekutoza."

Thoa alimtazama mama yake. Yule mama alikuwa anaminyaminya vidole vyake kama mtu anayekamua nguo. Ni mwanamke wa sauti ndogo, akiongea lazima uiname.

"Sawa," Thoa alisema. "Kwa ajili yako, mama. Ila atamke kunikabidhi, tena kwa sauti."

"Nitatamka," Khang alisema. "Kwani mimi bubu?"

Siku ya kuhamia, Thoa alikaa chini kwenye maegesho, juu ya furushi la nguo zake, kofia kaivuta mpaka puani. Siku aliyoingoja kuliko zote, na yeye kaachwa chini pamoja na pikipiki! Mimi nilibeba birika. Juu, kama ilivyo desturi, jiko la mkaa liliwekwa mlangoni likiwaka, Khang akaliruka na bakuli la udi mkononi, Dieu akafuata na mchele, kisha mimi. Mama hakuingia. Alisimama nje na bakuli la chumvi, akingoja mwanawe wa kike aitwe ndipo aingie naye.

Khang alichuchumaa, akamwekea Babu Ardhi kahawa na sigara iliyowashwa. "Mimi Khang," alisema, "mwenye nyumba hii, naingia leo na watu wangu, utupokee." Alisema vizuri. Udi ukawa unaungua taratibu. Nikangoja aendelee. Dieu alikuwa anafungua makabati.

"Hapa panafaa televisheni," Dieu alisema.

Nilikohoa. "Khang, udi unaisha."

Khang alikuwa dirishani, mikono nyuma. Nilimwambia tena. Hakugeuka. Udi uliungua mpaka mwisho, majivu yakadondoka kwenye bakuli, na jina la Thoa halikutajwa.

Nilishuka ngazi, sikuwa na subira ya lifti. Thoa aliinua kofia.

"Udi umeisha?"

"Umeisha."

"Kanitaja?"

Nilitikisa kichwa. Alisimama, akaacha furushi palepale, akapanda.

Tulipofika juu, godoro lilikuwa limeshatandikwa. Godoro! Walikuja nalo nyuma ya gari la rafiki yao, na hakuna aliyetuambia.

"Usipandishe hasira," Khang alisema. "Mwenye umri inabidi akae humu mpaka mwaka wako mbaya upite. Tutakulindia. Wewe baki kwenye chumba chako cha kupanga, si umeshakizoea? Na watoto wetu watapata shule za huku."

"Na mwaka ukipita?"

"Tutaangalia. Wifi yako anapapenda. Halafu wewe uko peke yako, Thoa, nafasi yote ya nini?"

Uso wa Thoa ulibadilika.

"Benki inanijua mimi," alisema.

"Karatasi ni karatasi," Khang alisema. "Babu Ardhi ananijua mimi."

Na kweli, nilisikia kwa masikio yangu, aliyetajwa kwa Babu alikuwa Khang. Ningekuwa mimi ningekaa chini nikalia.

Thoa alishika ncha ya godoro akaliburuta hadi kwenye ujia. Kisha akaninyang'anya birika, akaumwagia ule moto wa jiko maji yote. Ukalia shaa, moshi ukajaa, mama akapiga yowe, maana kuzima moto siku ya kuhamia ni jambo ambalo mtu hathubutu hata kuliota. Milango ya majirani ikaanza kufunguka. Thoa alikung'uta makaa yaliyolowa, akatia mapya kutoka kwenye gunia la mkaa lililokuwa mlangoni, akachuchumaa nje ya mlango wake akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Ukiingia mwenyewe mwaka huu, utakufa," Khang alisema.

"Nife. Nitafia kwangu."

Moto uliposhika, alilisogeza jiko kizingitini, akaliruka. Akaenda moja kwa moja kwa Babu Ardhi, akachoma udi mpya.

"Babu, samahani kwa fujo," alisema. "Aliyetangulia alikuwa mgeni. Mimi ndiye Thoa. Umri wangu ndio huu, mwaka mbaya ndio huu, mume sina. Nyumba hii nimeishona zipu kwa zipu. Ukiwa na lako la kunifanya, nifanye mimi, siazimi mtu tena. Kahawa kunywa, sigara vuta, tutaelewana."

Jirani mmoja, mzee wa fulana ya ndani, alipiga makofi. Nami nikapiga. Nilikuwa naogopa na bado nilipiga makofi.

Khang na mkewe walianza kulikokota godoro kuelekea kwenye lifti. Halikuingia. Walilikunja, likajikunjua, mlango wa lifti ukawa unalibana na kuliachia, Dieu akimtukana mumewe kwa sauti ya chini. Mwishowe Khang alimgeukia mama.

"Mama, twende. Ukimfuata huyu, kwangu usirudi."

Mama alikuwa amebaki pale nje ya mlango na chumvi yake. Moyo uliniuma, maana nilijua habari zake: kwa baba yake alikuwa wa kuolewa, kwa mumewe alikuwa wa kupika, na kwa Khang anatandika mkeka jikoni, na wageni wakija anaukunja anakaa nje.

"Kwako," alisema polepole, kama anajaribu hilo neno. "Ndiyo. Ni kwako."

Akapandisha suruali yake ya hariri magotini. Nikamshika kiwiko. Aliliruka lile jiko, mama wa watu, na magoti yake yale.

"Niiweke wapi chumvi?" alimuuliza Thoa.

"Popote unapotaka, mama."

Hakuelewa. Aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Akaiweka chumvi dirishani, akaiangalia, akaitoa, akaipeleka kwenye kabati la jikoni, akaitoa tena. Thoa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, machozi yanamtoka na hayafuti.

Huko chini honi ilianza kulia. Khang alikuwa kwenye maegesho, kasimama juu ya godoro lake walilolishusha kwa ngazi, anapaza sauti mpaka wafanyakazi wa barafu wakatoka kumtazama.

"Mama! Mara ya mwisho nakwambia! Unashuka au nipande nikuchukue?"

"Thoa, anaita," mama alisema.

"Namsikia."

"Tunamjibu?"

"Ukipenda, mama. Dirisha hilo."

Mama alifungua dirisha lote. Akatoa kichwa na mabega, hata nikamshika nguo kwa nyuma nisije nikampoteza. Na sauti iliyotoka kwa yule mwanamke sikujua alikuwa ameiweka wapi miaka yote hiyo.

"Khang! Ukipanda, piga hodi!"