Bibi wa Ghalani

Mama yangu ameuawa mara elfu nne na mia tatu, na mara tatu kati ya hizo nilimuua mimi.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyotuponza. Mama yangu, Kananu, anauza ndizi pale Makutano, Meru, tangu mimi nikiwa mgongoni. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akamwachia robo eka na watoto wanne. Mali yake nyingine ni koo. Kanisani yeye ndiye anayeanzisha wimbo, na sokoni akimwita mteja aliye ng'ambo ya barabara, hata madereva wa malori hugeuka. Anaogopa radi, mbwa na lifti, lakini sauti yake sikuwahi kuisikia ikitetemeka.

Mwezi wa pili mwaka huu kijana aitwaye Bundi alimfuata kwenye ndizi zake. Bundi ana chumba juu ya duka la mbegu, na humo yeye na wenzake wawili wanatengeneza mchezo wa simu, ule wa kupiga risasi ambapo unaona bunduki tu mbele yako kana kwamba mikono ni yako. Bado haujatoka, unatoka Ijumaa. Mchezaji ni askari anayeingia kijiji cha mlimani kusaka majambazi. Katikati ya moshi, kando ya ghala la mahindi, amesimama bibi kizee. Ukimpiga kwa bahati mbaya unapoteza alama. Bundi alitaka sauti ya huyo bibi.

Alimpa karatasi yenye neno moja, "Nakufa." Mama alilisema mara tano.

"Mama Kawira, unasikika ni kama umedungwa na mwiba," Bundi akamwambia. "Wacha hiyo karatasi. Imagine umepigwa kweli, halafu useme chenye ungesema."

Mama akafumba macho. Akasema kwa Kimeru kile ambacho mwanamke wa rika lake angemwambia aliyemuua: "Wewe uliyenipiga, usizae wa kukuita mzazi." Kisha akafumbua macho, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Bundi alikuwa anapiga makofi.

Kwa asiyetujua, hiyo ndiyo wazee wetu huita kirumi, laana ya mzazi anayekata roho. Mchungaji haiwezi, daktari haiwezi. Huiondoa aliyeitoa, kwa kumtemea mate ya baraka yule iliyempata, na sharti awe bado hai. Mama ana miaka sitini na minne na ugonjwa wa moyo.

Haya yote hakuniambia. Mimi ninaishi Majimbo, Embu, na kazi yangu ni ya masjala, kutafuta mafaili ambayo wakubwa wameyapoteza wenyewe. Nilichojua ni kwamba mama ameingia kwenye mchezo. Nikajigamba ofisini, nikajisajili kuujaribu kabla haujatoka. Nina mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia ziliharibika, kwa hiyo hii naibeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Jumapili alasiri nilikaa na mume wangu, Njue, nikaingia kile kijiji, nikapiga kivuli kando ya ghala. Sauti ya mama ikatoka. Maneno sikuyashika kwa ile milio ya bunduki, nikampiga tena ili nisikie. Mara ya tatu nilimpiga ili Njue naye asikie. Njue ni Mwembu, lakini Kimeru anakielewa. Aliacha kucheka. Alininyang'anya simu, akaiweka kifudifudi mezani.

"Ni mchezo tu," nikamwambia.

"Najua ni game. Lakini huyo ni mama yako, ama si yeye?"

Mimi ni mtu wa makaratasi na sina subira na mambo ya laana. Siku mbili nilimcheka Njue mchana kutwa. Siku ya tatu, Jumatano, mtoto hakucheza tumboni tangu asubuhi hadi saa sita, na niliogopa vile sijawahi kuogopa. Nilikwenda hospitali. Muuguzi aliusikiliza moyo wa mtoto, akasema unapiga sawa, amelala tu. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikampigia mama simu nikiwa na nia ya kumgombeza.

"Mama, ulisema nini kwa hiyo game?"

"Umeicheza?"

"Nimeicheza."

"Ulinipiga?"

Ningeweza kudanganya. "Mara tatu," nikasema.

Simu ikakatika.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Jana yake alikuwa amepanda ngazi hadi kwa Bundi kumwomba aitoe ile sauti. Bundi alimwambia hayo ndiyo maneno yanayopendwa kuliko yote, kwamba watu wanampiga makusudi ili wayasikie. Mchezo utakaotoka Ijumaa haubadiliki tena, labda baada ya wiki mbili. Mama alikataa kuondoka hadi apewe majina. Kompyuta huandika kila aliyempiga, basi Bundi akamchapishia, nadhani ili ashuke ngazi.

Hakunisalimia. "Fungua vifungo," akasema. Akanitemea mate kidogo kifuani, kisha tumboni, mara tatu, moja kwa kila risasi. "Nimeyarudisha maneno yangu. Uzae, uitwe mama." Mimi na diploma yangu nikalia kama mtoto. Tumbo likacheza, tukaliona sote wawili.

Nilidhani tumemaliza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa ametandaza karatasi mezani.

"Na hawa watoto wa watu?" akauliza.

"Mama, haya si majina yao. Ni ya kuchezea tu."

"Mungu anawajua. Mimi hizi herufi sizioni. Nisomee."

Nikasoma. Risasi Moja wa Chuka. Mama akatema kidogo kiganjani, akasema, "Uzae, uitwe mzazi." Chui Mtupu. Uzae, uitwe mzazi. Shangazi Bazuka. Hapo nilitaka kucheka, nikamtazama uso, nikaendelea.

Kufikia saa saba tulikuwa ukurasa wa tatu, na sauti yake, ile ya kugeuza malori, ilikuwa imeanza kukwaruza. Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Bundi kwetu sote tuliojaribu mchezo, wa furaha tupu. Waliojiandikisha kuusubiri wamefika elfu tisini.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Si kitu. Kunywa chai, inapoa."

Chai hakuigusa. Aliweka mkono kifuani, upande wa moyo, akatafuta mate mdomoni, yalikuwa yamemkauka.

"Soma, Kawira," akasema. "Kesho ni Ijumaa."